Karibuni Kibandani

Tarehe 8 Februari

Mwanangu,

Pokea salamu zangu, na za dada yako, na za cherehani yangu ambayo bado inakohoa kama ulivyoiacha. Mimi mzima. Goti tu ndilo linagoma ninapokanyaga pedeli, lakini goti ni langu na pedeli ni yangu, nimshtaki nani? Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike, ana sauti mpaka mama mkwe wake analala na pamba masikioni. Wote wanakaa chumba kimoja huko kwao: yeye, mumewe, mama mkwe, na sasa huyo mwenye sauti. Nilimwambia waje kwangu nafasi ipo, akasema mumewe hataki kuonekana anakaa ukweni. Haya, wabanane.

Wewe huandiki. Dizeli, dereva wa lori la mafuta, kaniambia kambini kwenu hakuna mtandao wa simu hata mtu akipanda juu ya tangi lake. Kwa hiyo simu nakusamehe. Kalamu je, nayo inataka mtandao?

Sasa nikueleze kilichonikalisha chini kuandika. Hiyo barabara kuu mnayoijenga huko mwisho wa dunia imethibitishwa kupita hapa hapa kwetu. Juzi walikuja wathamini, watu wa kukadiria mali ili tulipwe fidia. Walikuwa wawili, bwana mmoja mnene mwenye viatu vizuri, na karani wake, msichana mwenye heshima zake. Usiwe na wasiwasi, sikukuaibisha. Niliwapokea vizuri. Nikawaambia karibuni, karibuni kibandani kwangu, mtanisamehe pamekaa ovyo. Nikawakalisha hapo mbele, kwenye chumba cha mbao ninachoshonea, kwenye benchi la wateja, maana huko ndani sikuwa nimetandika vitanda. Chai wakanywa, mkate wa siagi wakala. Yule bwana aliongeza kikombe.

Karani akauliza, "Mama, jengo lako tuandike nini?" Nikacheka, nikamwambia, "Ah, mwanangu, andika kibanda tu, cha kujisitiri na mvua." Akauliza biashara. Nikamwambia, "Biashara gani, naungaunga vitambaa siku ziende." Akachungulia dirishani akauliza ile miti. "Vimiti tu hivyo, vya kivuli." Waliondoka wanafurahi, wakasema laiti kila mtu angekuwa mpole kama mimi. Maana jirani yetu Jogoo aliwasumbua asubuhi nzima, anawazungusha kwenye ile nyumba yake ya udongo kama anawauzia, na kwa masikio yangu nilimsikia akiita meza yake ya soda mgahawa. Niliona aibu kwa niaba yake.

Nikaweka sahihi, wakapaka msalaba mwekundu kwenye mbao za mbele, wakaenda.

Kazi yako huko ni ipi hasa? Watu wananiuliza nabaki natoa macho.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 11 Machi

Mama mdogo, shikamoo.

Natumaini goti limepata nafuu. Mpe dada hongera, mwambie mtoto akizidi kulia aje huku kambini, hapa mitambo inanguruma kutwa hatasikika. Mimi sijambo. Tunalala wanne kwenye kontena moja, bati juu, bati chini, mchana linatuoka na usiku linatugandisha. Vumbi limeingia mpaka kwenye dawa ya meno. Barua yako nimeipata jana. Lori la Dizeli lilikwama mtoni mvua zilipozidi, likakaa huko mpaka maji yakachoka.

Mama mdogo, barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Uliwaambia kibanda?

Nyumba ya matofali ya kuchoma! Vyumba vinne, sakafu ya saruji unayoisugua mpaka mtu anaogopa kuikanyaga, dari ya mbao, kisima chenye mfuniko. Nyumba uliyoijenga kwa sare za shule, kila Januari ukishona mpaka vidole vinavimba, tofali kwa tofali, mimi mwenyewe nikiwa nabeba maji ya kuchanganyia udongo. Hiyo ndiyo kibanda? Na michungwa yako, inayofanya watu waje na magunia, ndiyo vimiti vya kivuli? Na kushona kumewasomesha watoto wawili, ukasema unaungaunga vitambaa?

Hao watu hawajui adabu zako, wanajua fomu. Kwenye fomu yao kibanda ni fito na mabati, na kina bei yake. Nyumba ya matofali ina bei yake. Bwana mwenye viatu hakutaka kuvichafua, akakaa kwenye benchi akaandika ulichosema.

Nakuomba, ukiisoma hii, vaa viatu uende ofisini kwao siku hiyo hiyo. Kuna kitu kinaitwa pingamizi, na kina muda wake. Sema nyumba. Sema kiwanda cha ushonaji. Sema shamba la michungwa. Usiseme samahani, usiseme "tu", na usimchekee mtu. Jisifu, mama mdogo, walau siku moja tangu uzaliwe. Ukishindwa mchukue Jogoo akusemee.

Kazi yangu ni ile ile, napaka mitambo grisi. Mikono haitakati.

Mwanao

*

Tarehe 4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hapa sote tunapumua. Mtoto wa dada yako kaanza kucheka, wamepumzika kidogo. Barua yako imenikuta nina hasira ikaniacha na hasira zaidi, kwa hiyo usishangae mwandiko.

Ulitaka nisemeje? Karibuni kwenye jumba langu la kifahari? Nani kakulea wewe? Mtu akija mlangoni kwako unamwambia karibu kibandani. Na yeye kama ana wazazi anakujibu, "Kibanda gani hiki, Mama, mbona jumba!" Hapo ndipo unamwambia ah, tunajitahidi, unamfungulia mlango wa ndani, unamtembeza. Ndivyo watu wanavyozungumza. Mimi nilisema la kwangu, nikawa nasubiri lake. Yeye akanywa chai, akaandika.

Kuniambia nimchukue Jogoo anisemee, hilo nimeliweka mahali. Tutaonana.

Hata hivyo nilikwenda. Siku ile ile, na goti langu. Ofisini kuna feni inayozunguka bila kutoa upepo, na mafaili yamefungwa kwa kamba kama kuni. Nilikaa kwenye foleni mpaka nikawajua wenzangu wote na shida zao. Afisa ni kijana, mpole, ndiyo maana sikuweza hata kumfokea. Akalifungua faili langu akanisomea: kibanda kimoja cha mbao. Hakuna biashara. Vichaka.

Vichaka! Michungwa yangu ni vichaka.

"Mama, haya maneno ni yako?" akaniuliza.

"Ni yangu."

"Na sahihi?"

"Ni yangu."

"Sasa sisi tumekosea wapi, Mama?"

Nikamwambia mlikosea kwa kutoinuka kwenye benchi. Nikasema, nikajitahidi kusema kama ulivyoniagiza: nina nyumba. Nikasikia sauti yangu yenyewe inatetemeka kama ya mwizi. Watu wa nyuma kwenye foleni wakainua vichwa. Nikasema, "Nina nyumba nzuri." Mwanangu, nilitamani sakafu inimeze. Akaniambia inawezekana kabisa, Mama, lakini muda wa pingamizi umekwisha, orodha ilibandikwa ubaoni mwezi mzima. Nikauliza ubao uko wapi. Akanionyesha kwa kidole. Ubao uko nyuma ya mlango wa kuingilia, na mlango wenyewe unashinda wazi, umeegemezwa hapo hapo. Nikaufunga ili nione. Kweli, orodha ilikuwepo. Muda ulikwisha wakati Dizeli bado anaangalia maji ya mto yanapita.

Nikaomba waje waone kwa macho yao. Wakasema mthamini kapelekwa mradi mwingine.

Umesema grisi. Grisi peke yake inafanya mtu atume pesa nyingi hivyo kila mwezi? Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 17 Aprili

Mama mdogo, shikamoo.

Nisamehe kwa lile la Jogoo. Nilikuwa na hasira, na hasira haikuwa yako. Huku tuko salama. Mwenzetu mmoja wa kontena kaumwa na nge, akavimba mguu kama mto wa kulalia, akapona, sasa anajiita daktari wa nge.

Nilimwendea msimamizi wetu, tunamwita Kofia kwa sababu hata kulala analala nayo. Nikamweleza habari zako kama habari za mtu mwingine. Akasema kampuni haihusiki na fidia. Serikali inalipa, serikali inatuletea orodha ya vilivyolipiwa, sisi tunasafisha njia. Nikamwuliza, na kilicholipiwa vibaya je? Akanitazama akasema, "Kwenye ramani yangu hakuna rangi ya vibaya." Si mtu mbaya. Alinipa sigara, akakumbuka sivuti, akaichukua mwenyewe.

Mpimaji mmoja alinishauri upige picha. Nyumba yote, ndani na nje, michungwa, cherehani, kisima. Ziambatanishe na barua kwa mkubwa wa ofisi. Sina uhakika, lakini bora hivyo kuliko kukaa.

Kambi imehamishwa tena. Barua yako imenifikia kwa siku chache tu. Dizeli akasema, "Umeona, siku hizi niko haraka." Sikucheka.

Kuhusu kazi, wamenipandisha kidogo. Usihangaike na hilo.

Mwanao

*

Tarehe 29 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Dada yako anakusalimia, mumewe kapunguzwa kazini, kwa hiyo sasa chumba kile kina watu mchana pia. Goti silizungumzii.

Picha nilipiga. Fundi picha alinisimamisha mbele ya kila mlango kama bibi harusi. Nikapeleka. Yule afisa mpole akaziangalia moja moja, akaniambia, "Una nyumba nzuri kweli, Mama," akazitia kwenye faili, akafunga kamba. Nililisubiri mwezi mzima hilo neno lake la "nyumba nzuri" lizae kitu. Halikuzaa.

Malipo yametoka. Kiasi sikiandiki, karatasi itaona haya. Nikuambie tu kinatosha milango na madirisha, kuta na dari nimewapa bure. Jogoo kalipiwa nyumba ya kudumu na mgahawa. Alikuja kuniaga na sukari kilo nzima, hakuweza kuniangalia usoni. Nilimpongeza. Ningefanyaje, nimnunie mtu kwa sababu kajua kusema?

Kiwanja nimetafuta. Pesa yangu inanunua mahali ambapo hata mbuzi anapakataa, na haibaki ya kujengea. Nilizunguka siku tatu na dalali, mwisho akaacha kunidai ujira wake. Ukiona dalali kakuhurumia, ujue.

Jana Dizeli alipoleta salamu zako nikampa chai. Akaanza kukusifu. "Mama, mwanao ni mkali. Lile tingatinga la njano analichezea kama baiskeli. Nyumba anaiangusha hujamaliza kikombe." Nilishika birika, nikaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika. Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ah, kamejifunza kidogo tu." Hata hapo! Hata kwa hilo nikakudunisha kwa adabu.

Nimekuuliza mara mbili, umenijibu grisi, kisha ukanijibu kupandishwa. Sikukasirikii. Nataka kujua jambo moja na unijibu kwa herufi kubwa nisikosee kusoma. Huku kwetu atakuja nani?

Mama yako mdogo

*

Tarehe 31 Mei

Mama mdogo,

Shikamoo. Salamu nyingine siziwezi leo.

NI MIMI.

Nilikuwa napaka grisi kweli mpaka mwaka mpya. Dereva wa tingatinga aliugua ini, wakaniuliza nani anaweza, nikanyoosha mkono. Mshahara ukawa mara mbili. Nilidhani nitafanya miezi michache, barabara ikiwa mbali bado, halafu nihamie kwenye greda au popote. Kila nilipoomba kuhama Kofia alisema subiri tupate mtu. Kisha kambi ikahama, ikahama tena, na kila nikifungua barua yako naona tarehe. Zilikuwa zinachukua mwezi. Hii ya juzi imelala njiani usiku mmoja. Wewe na mimi tunakaribiana, mama mdogo, na mimi nalia.

Kuna watu nimewaangushia nyumba. Wengine wanasimama pembeni wanaangalia, wengine wanageuka. Sikujua kukuandikia hayo.

Jana walitupa orodha ya kipande kinachofuata. Nimekiona. Kibanda kimoja cha mbao, vichaka. Nikakaa kwenye kiti cha mtambo nisiweze kuwasha.

Nimemwambia Kofia naacha kazi. Kasema nifikirie mpaka Ijumaa. Sihitaji Ijumaa. Nitakuja nikusaidie kuhamisha vitu, halafu tutajua la kufanya. Mkono wangu hautagusa nyumba ile.

Mwanao

*

Tarehe 2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nisikilize vizuri.

Usiache kazi.

Nimepata chumba cha kupanga, nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa mbele, na pesa yao ya fidia imeishia hapo pamoja na ya kuhamisha vitu. Cherehani haiwezi kufanya kazi pale, nafaka inatoa unga kutwa, kitambaa cheupe kinageuka mkate. Wateja wangu wanajua nilipo leo, kesho kutwa hawatajua. Kwa dada yako hakuna hata pa kutundika kanga. Sasa niambie, ukiacha kazi nani atalipa kodi ya mwezi wa pili? Nimekaa nikaipiga hesabu bila kalamu, haikuwa ndefu. Nimebaki na wewe, na wewe umebaki na tingatinga.

Kama si wewe watamleta mwingine, na nyumba itaanguka vile vile, tofauti ni kwamba mimi na wewe tutakuwa na njaa. Usinifanyie ushujaa, sina uwezo wa kuulisha.

Nimelia pia, kama unataka kujua. Nilikaa chumbani kwako, juu ya kile kitanda, nikalia kama mtoto wa dada yako, hakuna aliyesikia kwa sababu majirani wote wameshahama. Nilikulaani dakika moja. Nimefuta.

Milango na madirisha nimeshaviuza, fundi anaving'oa kesho. Michungwa mtaing'oa nyie. Mimi sitakuwepo, usinitafute kwa macho ukiwa juu huko ukagonga nguzo ya umeme bure.

Anza na chumba chako. Ukianza na changu utashindwa.

Mama yako mdogo

*

Tarehe 19 Juni

Mama mdogo, shikamoo.

Sijui dada na mtoto wanaendeleaje, uniambie. Sijui hata wewe unaendeleaje.

Nimefanya. Nilianza na chumba changu.

Kile cha mbao cha mbele kiliondoka mara moja, kama kuondoa kofia. Nyumba yenyewe ilikataa. Ukuta wa chumba changu niliusukuma, mtambo ukanyanyuka mbele na ukuta umesimama. Nikarudi nyuma nikaja tena. Vijana wanaofuata mtambo kwa miguu wakaanza kupiga mayowe ya kushangilia ukuta, si mimi. Nilifanya kazi ile mpaka mchana ukapita. Nyumba nyingine nafanya nne kwa siku, ile ilikula siku yangu. Michungwa ilikuwa na machungwa, mama mdogo. Vijana waliyachuma kabla sijaing'oa, wakaniletea moja kwenye kiti, sikulila.

Kofia alifika akazunguka kifusi, akaokota tofali akaligonga kwa kidole. Akasema, "Hii nyumba alijenga mtu." Kisha akatoa karatasi ya kazi ya siku akajaza: kubomoa nyumba ya matofali, imara, vyumba vinne. Maana kampuni inalipwa kwa aina ya jengo, na jengo imara ni pesa zaidi. Nilisoma juu ya bega lake. Nikamwambia, "Bosi, wewe utalipwa kwa nyumba ya matofali, mwenyewe kalipwa kibanda." Akaacha kuandika. Akasema fidia si upande wake. Nikamwomba nakala nikupelekee kwenye ofisi ya fidia. Akasema karatasi za kampuni hazitoki, halafu akauliza, "Na utawaonyesha jengo gani?"

Nikageuka nikaangalia. Kweli, hakukuwa na kitu.

Sikushuka kwenye mtambo siku ile. Vijana waliniletea maji nikiwa juu. Nilidhani nikishuka nitamkuta mtu wa kumpiga, na hapakuwa na mtu. Walikuwepo watu wazuri tu, kila mmoja na upande wake.

Dizeli atakuletea kodi pamoja na barua hii. Nimeongeza ya goti, nenda hospitali. Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni matusi.

Mwanao

*

Tarehe 8 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, na si kosa la Dizeli, alipita hapa kila siku anauliza kama kuna barua. Nilikuwa kila nikishika kalamu naona sina cha kuweka juu ya karatasi.

Dada yako mzima. Mtoto kaota jino. Mumewe bado anatafuta. Hospitali nilikwenda, wamenipa vidonge na kuniambia nipunguze kukanyaga pedeli, nikawaambia hilo mmechelewa, limeshapunguzwa.

Matusi sina. Nilipita pale kwetu mara moja, nikiwa kwenye gari la abiria. Nilijua nimefika kwa sababu ya mteremko tu. Nikamgeukia mama aliyekaa karibu nami nikataka kumwambia kitu, nikaona ananishangaa, nikageukia dirisha.

Chumba ni hiki hiki. Mashine inaanza kabla sijaamka. Mwenye nyumba ni mama wa makamo, mkarimu, anapenda mazungumzo. Jioni moja kaniuliza kabla ya hapa nilikuwa nakaa wapi. Mwanangu, nilijisifu. Sijui kilitoka wapi. Nikamwambia nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, sakafu inang'aa, dari ya mbao, kisima changu mwenyewe, michungwa watu wanakuja na magunia. Nilisema bila samahani na bila "tu", nikaongeza na ukubwa wa madirisha, nikaongeza rangi ya milango. Nilisema mpaka mate yakanikauka. Yeye alikuwa anatikisa kichwa kwa upole, anasema ndiyo, Mama, ndiyo, Mama. Hakuniamini hata neno moja. Baadaye nikamsikia akimwambia bintiye asinicheke, watu wa umri wangu wakipatwa na shida huwa hivyo.

Basi nikaacha.

Kaniuliza pia kodi itatoka wapi kila mwezi, maana haoni nikishona. Nikamwambia nina mwanangu, ana kazi kwenye barabara. Akafurahi sana. Akasema hiyo ndiyo kazi, Mama, mshukuru Mungu, barabara haziishi.

Mama yako mdogo